Kibao cha mirabaraba: nyuzi zilale au zisimame?

Una mabaki ya mninga na mtiki, unataka kibao cha kukatia chenye rangi mbili. Swali ni lile lile: nyuzi za mbao zilale kwenye uso wa kibao, au zisimame ili kisu kikutane na ncha zake?

Kwa kazi na gharama, za kulala zinashinda bila ubishi. Unapasua mifito, unapishanisha rangi, unapaka gundi inayostahimili maji, unabana; kesho yake unapiga randa. Unene wa sentimita 2 au 3 unatosha.

Za kusimama ndizo zenye mapambo. Kibao cha kwanza kikikauka unakikata tena kwa kukingama, unasimamisha kila ufito, kisha unageuza mmoja mmoja kwa kupishana ndipo miraba ya drafti itokee. Gundi mara mbili, unene kama sentimita 4, mbao nyingi zaidi. Randa usithubutu, hunyofoa kingo. Ni msasa tu, na mkono utauma.

Kwenye kisu mambo hugeuka. Nyuzi zilizosimama huachana kidogo, kisha hurudiana. Makovu hayaonekani sana na makali hudumu. Zilizolala hukatika, alama hubaki. Ila zilizosimama hunywa mafuta ya kupaka kibao kama mchanga (si ya kupikia, hayo huchacha). Na kibao chochote kati ya hivi, usikiloweke kwenye beseni.

Mwenye msumeno wa mkono, anayekata vitunguu na mchicha, alaze. Mwenye mashine, muda na kisu cha bei, asimamishe.