Kutembezwa Fort Jesus na mzee anayepima maneno

Wengi wanaozuru Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno mjini Mombasa, hulipa kiingilio, hupiga picha kando ya mizinga, kisha hutoka. Ninashauri kwa dhati kwamba ukodi mmoja wa waongozaji wanaosubiri nje ya lango, na ukibahatika kumpata mzee aliyetutembeza sisi, usimharakishe.

Sehemu bora ya ziara yake ni chini ya maandishi ya Kireno yaliyochongwa juu ya lango. Aliyafasiri kifungu kwa kifungu. Yanamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwa kuwarudisha watu wa pwani chini ya mfalme wa Ureno, kwa kuziadhibu Pate na Siyu hadi kuta za miji zikabomolewa, na kwa kuwaua wakuu wa Pemba walioitwa waasi. Uasi unaotajwa hapo ulianzia kwa Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa kwa hila ya Wareno, naye akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, angali mtoto, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa kuitawala Mombasa, na Agosti 1631 akaiteka ngome hii na kumwua kapteni wake.

"Sasa wanangu," mzee akauliza, "huyu alimwasi nani?"

Swali hilo lilitosha kuhalalisha ujira wake. Alieleza kwamba haasi ila aliyepaswa kutii: mtoto huwaasi wazazi, askari huasi jeshi, na mja humwasi Mola, ndiyo maana madhambi huitwa maasi. Hata anayeoa husemwa ameuasi ukapera, kana kwamba alikuwa chini ya himaya yake. Kwa hiyo anayemwita Yusuf muasi amekwisha kukubali kwamba Mombasa ilikuwa na deni la utii kwa Ureno. Mzee hakuificha hoja ya upande wa pili, kwamba Yusuf alikuwa ametawazwa kwa idhini ya Wareno na kuahidi kumtii mfalme wao. Alikataa pia kumwita mkaidi, kwa kuwa "mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi" huambiwa asiyesikia nasaha, si mtu aliyepanga kuteka ngome. Naafikiana naye kabisa.

Kasoro yake ni kwamba alivipitia kwa sentensi moja vita vya Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Gazi kusini mwa Mombasa, dhidi ya Waingereza mwaka 1895 na 1896, ingawa swali lake lingefaa zaidi hapo. Waingereza na Zanzibar walimhesabu muasi, ilhali ukoo wake wa Mazrui ndio uliotawala Mombasa hadi 1837, na kumbukumbu hiyo haikuwa imefutika. Miaka ambayo ngome ilikuwa gereza, hadi 1958, nayo ilitajwa kwa haraka.

Ujira wa mwongozaji haumo katika tiketi, kwa hiyo kubalianeni bei kabla ya kuingia. Walimu wa historia na wa Kiswahili wanaowaleta wanafunzi wamwombe aanzie langoni, kabla jua halijawa kali, na wamwulize waziwazi kuhusu Mbaruk.