Riviu: Injinia wa trafiki aliyetufanyia kazi ya ploti ya Ngata, Nakuru

Nawapa nyota 4 kati ya 5, na nyota yenyewe iliyobaki nitaeleza imeendea wapi. Naandika ju najua kuna vyama na sacco nyingi hapa Nakuru zimenunua shamba kando ya barabara ya Eldoret na zinataka kujenga, na karibu zote zinafikiria mchoro wa nyumba, maji, stima na title, barabara inakumbukwa mwisho kabisa wakati mchoro umeshapitishwa na pesa imeshaliwa nusu.

Huduma yenyewe ni ripoti ya trafiki. Yani mtu anakuja kupima nyumba zenu mpya zitaongeza magari mangapi kwa barabara, yataingilia wapi na kutokea wapi, nani atahatarishwa, na mfanye nini ili kuingia na kutoka kusilete jam wala ajali. Bei sitaweka hapa maana inategemea ukubwa wa mradi na siku za kuhesabu magari, lakini ukilinganisha na bei ya nyumba hata moja ni pesa kidogo sana.

Kwanza tulikuwa tumeletewa ripoti na watu wengine, bei chini, haraka haraka. Kurasa nyingi, jalada safi, ndani wanaongelea raundabauti na baipasi, na pale kwetu Ngata hakuna raundabauti wala baipasi, ni lami moja ya kwenda na kurudi na matrela yanashuka kutoka Salgaa. Hakuna mtu aliyewahi kuwaona wamesimama barabarani. Hiyo ripoti tuliiweka kando, na ndio tukatafuta hawa wa pili.

Hawa walikuja kabla jua litoke. Vijana wakakaa pande mbili za barabara na makaratasi ya kuchora vistari, gari ndogo safu yake, matatu safu yake, lori, trela, boda, hadi wanaotembea kwa miguu wakahesabiwa. Injinia mwenyewe ni mdada mpole lakini haogopi mtu. Kitu ilinigusa zaidi ni vile alichuchumaa mahali geti letu lilichorwa, macho yake yakawa pale macho ya dereva wa gari ndogo yangekuwa, kama mita moja na kidogo kutoka chini, akaangalia upande wa town. Tukiwa tumesimama sisi tulikuwa tunaona mbali vizuri tu. Akaniambia, chuchumaa pia wewe. Nikachuchumaa na barabara ikapotea, ua wa kayaba wa jirani umeziba yote, gari linatokea ghafla tu pale kwa kona ya ua.

Hesabu yake alitufanyia hapo hapo na hata wazee walielewa. Gari likija kwa kilomita 100 kwa saa linakata karibu mita 28 kila sekunde. Ploti yetu iko mkono wa kushoto ukienda Eldoret, kwa hivyo asubuhi mtu akienda town anakata kulia, anavuka leni moja ndio aingie nyingine, na hiyo kazi dereva wa gari ndogo anahitaji kama sekunde saba na nusu. Zidisha uone, ni zaidi ya mita 200 za kuona wazi, na sisi kwa ule ua hatukufika hata 150. Halafu lori la mawe lililojaa linataka muda zaidi ya huo. Akaongeza, nyumba ni 80, tuseme nusu yazo zinatoa gari kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi, hayo ni magari 40 kwa saa, moja kila dakika na nusu, kila moja linasubiri nafasi ya kukata kulia na nyuma yake wengine wanaanza kupiga honi. Mtu akipigiwa honi anaingia hata kama nafasi haitoshi. Hapo ndio ajali hutoka.

Mwenyekiti wetu akamuuliza, "Binti yangu, si kaunti ilishatupitishia mchoro?" Akamjibu kwa heshima, "Mzee, kaunti inapitisha nyumba, lakini hii lami ni ya KeNHA, wale wa mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na bila ruhusa yao hamwezi kufungua njia ya kuingia hapa." Watu wengi hawajui hii. Unakuta mtu ako na barua ya kaunti, ako na leseni ya NEMA, watu wa mazingira, anafikiri amemaliza, na barabara kuu zote za kitaifa ziko chini ya KeNHA tangu ile sheria ya barabara ya 2007.

Mapendekezo yake sasa. Geti lirudi ndani kama mita 30, kwa sababu mchoro wetu uliliweka karibu kabisa na lami, na jioni askari anaandika mgeni kwa kitabu, gari la pili na la tatu zinasimama wapi? Mkia uko kwa barabara kuu na trela inakuja nyuma. Kurudisha geti ni kufuta na kuchora tena, bei yake ni karibu bure kama hamjajenga. Pia tuongee na jirani tutumie njia moja ya kuingilia badala ya kila mtu kutoboa yake, na jirani akikubali ule ua utakatwa pia. Kuwe na leni ya pembeni ya kupunguza mwendo kwa wanaotoka town. Malori ya mjengo yasiingie wala kutoka saa za jam ya asubuhi. Na nyumba zisikaliwe kabla hiyo leni kuisha, hii wanachama wengine waliipinga sana ju wanataka kodi ianze kuingia, lakini mimi naiunga mkono kabisa.

Kuna moja ambayo hakuna mtu wetu alikuwa ameiwaza. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, na inapita hapo hapo kwetu. Ikishakuwa ya pande mbili zenye ukuta ama kisiwa katikati, kukata kulia kumeisha, mtu wa town atatoka kushoto aelekee Eldoret kwanza ndio atafute pa kugeukia. Kwa hivyo akataka tuchore njia ya ndani ya kuunganika na majirani hadi mahali patakapokuwa na pa kugeukia ama sevisi leni, yani ile barabara ndogo ya pembeni. Hiyo peke yake ililipa pesa yetu yote.

Sasa nyota iliyopotea. Walihesabu katikati ya wiki tu. Mtu yeyote wa Nakuru anajua Desemba watu wakienda ushago, ama shule zikifungua, hii barabara ni kitu kingine kabisa, magari ya kwenda Kisumu, Kakamega na Busia yote yanapita hapa. Ningependa wangetaja hiyo hata kama hawakuhesabu siku hizo.

Ya pili ni watu wa miguu na steji. Waliwahesabu vizuri lakini mapendekezo yao ni aya moja tu. Esteti ya nyumba 80 inaleta mama mboga, boda na matatu za kusimama hapo nje, hiyo haikwepeki. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction, barabara ya Nakuru kwenda Kericho, lori lilivamia watu na magari kando ya barabara na watu 52 wakafa, wengine walikuwa wanauza tu vitu vyao. Mimi nataka nione kwa mchoro steji iko wapi, wauzaji watakaa umbali gani na lami, na mtoto wa shule atavukia wapi. Tumewaandikia waongeze hiyo sehemu, wamekubali bila kuitisha pesa nyingine, na kwa hilo nawashukuru.

Ripoti pia iko kwa Kingereza kizito na majedwali mengi. Kwa mkutano ilibidi injinia aje aeleze kwa mdomo, na alieleza vizuri, ila wanachama walistahili kurasa mbili za Kiswahili waende nazo nyumbani.

Ukitafuta mtu wa hii kazi, hata kama sio hawa, itisha yale makaratasi ya kuhesabia magari, yenye tarehe na saa, na muulize alisimama wapi. Na mpigie simu kabla fundi wa michoro hajamaliza. Sisi saa hii jirani ameshakubali ua ukatwe, geti limechorwa upya, na maombi ya njia ya kuingilia yako KeNHA tunangoja jibu.