Programu ya Kiangazi ya CERN kwa Mwanafunzi wa Fizikia wa Iringa
Kwa mwanafunzi wa fizikia wa chuo cha elimu cha Mkwawa anayetafuta nafasi ya utafiti katika miezi ambayo Iringa inatetemeka kwa baridi huku Ulaya ikiota jua, programu ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, naiona inafaa kuliko zile za REU za Marekani (za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza), ambazo fedha zake za serikali huwalipia raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo pekee. CERN haibagui uraia, na pamoja na mihadhara unapewa kazi halisi ndani ya kikundi cha watafiti. Ushindani ni mkali mno. Linalosumbua ni sharti la kukamilisha miaka mitatu ya chuo, kwa kuwa shahada yetu ya kwanza ya ualimu huishia hapo hapo. Hivyo maombi yatumwe kabla ya Januari ya mwaka wa mwisho kwisha.