PS2 ya "kama mpya" kwa 150,000: nyota mbili

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani. Cherehani ya mtumba siangalii rangi. Naipindua kwanza nilione tumbo, nazungusha gurudumu kwa mkono, nasikiliza. Kwa hii PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu) niliyoagiza mtandaoni kutoka Dar niliusahau ufundi wangu wote, nikanunua sura.

Tangazo lilikuwa na picha nne, zote za juu na za mbele, juu ya kitambaa cheupe. Maneno: "Iko poa sana, haina tatizo lolote, kama mpya." Ilikuwa ile nene, na zile nyembamba zilianza kutoka 2004, kwa hiyo huyo "kama mpya" ana miaka yake ishirini na ushee. Hilo nililijua. Tatizo ni utoto: nilikuwa msichana pekee kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, nikingoja zamu na mia yangu mkononi huku kaka zangu wakinifukuza nikaoshe vyombo. Nilipoiona ile picha nikatuma pesa.

Niseme kwanza mazuri. Mzigo ulifika stendi ya Mtwara kesho yake usiku, na umefungwa kwa vipande vya godoro kila upande. Kwa kufunga, yule kaka muuzaji anajua.

Nikaipindua, nimechelewa. Rangi nyeusi inang'aa kupita kiasi, inateleza na kunukia: amepaka polishi ya dashibodi ya gari. Chini, vile vizibo vidogo vinavyoficha skrubu viwili havipo, na vichwa vya skrubu vimelika. Hilo silimlaumu sana. PS2 nyingi za kwetu zilishafunguliwa ziwekwe chipu zisome CD za kopi, na ukitafuta isiyoguswa utazeeka unatafuta. Ila skrubu iliyolika inakuambia aliyefungua alikuwa na haraka.

Nyuma ndiko kulikokuwa na habari yenyewe, na ndiko ambako hakupiga picha. Stika inasema SCPH-50000, volti 100. Namba ya mwisho ikiwa 0, mashine ni ya Japani. Za Uingereza na Ulaya huishia 3 au 4, hizo zinakubali umeme wetu. Ukichomeka ya Japani moja kwa moja kwenye 230 yetu unanunua moshi. Mimi niliokolewa na kazi: nina cherehani ya Kijapani, kwa hiyo transfoma ya kushushia umeme iko mezani siku zote. Mwenzangu asiye nayo angeunguza usiku uleule, na muuzaji hakusema hata neno.

Ikawaka. Taa nyekundu, kisha kijani. Nikaweka CD yenye tumbo la bluu, ikasoma vizuri. Nikaweka ya mpira, yenye tumbo la fedha. Tik, tik, tik, ukimya, kisha ile skrini nyekundu ya kuniambia niweke diski inayofaa. Nikaifuta, nikarudia mara sita.

Hapo ndipo nilipoelewa jibu lake. Kabla ya kulipa nilimuuliza, "Inasoma?" Akajibu, "Inasoma dada." Na kweli inasoma. Zile za bluu ni CD, za fedha ni DVD, na kila aina ina mwanga wake humo kwenye lenzi. Mmoja unaweza kuchoka mwingine ukabaki mzima. Gemu nyingi za PS2 ni DVD. Hakunidanganya, alinijibu nusu.

Fundi wa redio na simu niliyempelekea mjini aliifungua, akanionyesha kiskrubu kidogo pembeni ya lenzi. Kimezungushwa. Mafundi hukigusa lenzi ikichoka ili mwanga uongezeke. Inasoma kwa muda, kisha inakufa moja kwa moja. Hiyo hata picha mia haziwezi kukuonyesha.

Nikampigia muuzaji. "Huku ilikuwa inasoma dada, labda mtikisiko wa basi." Labda. Nimeipanda hiyo barabara, siwezi kubisha kabisa. Tukavutana siku tatu, akarudisha 40,000.

Mwezi uliofuata nikapata nyingine kwa kaka mmoja wa Lindi. Picha zake mbaya, mashine ina vumbi mpaka kwenye matundu ya feni, sehemu ya kuchomekea waya wa tivii ina kutu ya upepo wa bahari. Safari hii niliuliza kama ninavyouliza cherehani. Nikamwomba video moja isiyokatwa: anionyeshe stika ya nyuma, aiwashe ikiwa imelala tangu usiku, anionyeshe tumbo la diski ya fedha kabla hajaiweka, aingie mpaka mpira uanze. Aiache nusu saa ipate joto, aitoe diski, aiweke tena. Kuna zinazosoma zikiwa baridi tu, kuna za kinyume chake. Mwisho asiguse pedi ya kuchezea, nione kama mchezaji anatembea mwenyewe.

Alikasirika kidogo. "Dada, unanunua gari?" Lakini alituma, na akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba saa inapotea kila ikizimwa. Hiyo ni betri ya ndani, ile ya duara ya CR2032. Nilipoifungua nilikuta mende wawili wakavu na mayai yao karibu na pawa. Mende wanapenda joto la humo. Brashi, spiriti, betri mpya, basi. Inasoma bluu, fedha, hata zile nyeusi za PS1, PlayStation ya kwanza. Nililipa 110,000.

Kwa hiyo yule wa Dar nampa nyota mbili: moja ya godoro, moja ya ile elfu arobaini. Mashine yake iko juu ya kabati, bado inang'aa. Pedi yake ni nzima kuliko ya Lindi, ndiyo tunayochezea.