Mendoza: mji nyota tano, ziara ya mvinyo nyota tatu

Nilifuata mvinyo Mendoza, magharibi mwa Argentina, lakini kilichoniteka kwanza ni mifereji. Barabara za katikati ya mji zina mfereji wazi kila upande, wenyewe wanauita acequia, unaopeleka maji ya theluji ya milima ya Andes kwenye mizizi ya miti. Mvua ni kama milimita 200 tu kwa mwaka, lakini unatembea kivulini mchana kutwa. Usiku angalia unapokanyaga, maana mingine ina kina na haijafunikwa.

Tetemeko la 1861 liliubomoa mji, ndiyo maana walipoujenga upya waliacha barabara pana na viwanja vingi, watu wapate pa kukimbilia. Siku hizi viwanja hivyo ni vya kupiga soga. Kuanzia saa saba mchana maduka mengi yanafungwa, watu wanalala, na ukitaka chakula cha usiku kabla ya saa tatu utakula karibu peke yako. Kwangu mimi niliyezoea purukushani za Dar, hiyo ilikuwa dawa.

Sasa ziara. Nilijiunga na kikundi kwenda Bonde la Uco, ambako mashamba mengi yako zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jua ni kali, usiku baridi, na hapo Malbec, aina ya zabibu za mvinyo mwekundu, inapata ile rangi ya zambarau inayokaribia weusi na uchachu unaochangamsha mdomo. Mizabibu imefunikwa nyavu kuikinga na mvua ya mawe, na nyuma yake milima imesimama na theluji yake. Hapo sina neno.

Shida ni ratiba: viwanda vitatu vya mvinyo kwa siku moja, na chakula cha mchana chenye glasi mpya kila sahani. Kufika cha tatu ulimi umekufa ganzi, huku mwongoza watalii anatazama saa. Vyombo vya kutemea mvinyo baada ya kuuonja vilikuwepo mezani, ila hakuna aliyetueleza ni vya nini.

Ushauri wangu: chagua viwili, weka nafasi mapema, kwa kuwa vingi havipokei mgeni wa ghafla. Mwenye bajeti ndogo akodi baiskeli Maipú, eneo la mashamba ya mizabibu jirani na mji. Kuna pia wakamuaji wa mafuta ya zeituni, kwa wasiokunywa. Na ukienda mwanzoni mwa Machi, wakati wa Vendimia, sherehe za mavuno ya zabibu, tafuta hoteli mapema mno.