Dawa ya meno ya mtoto: soma namba kabla ya picha

Katuni kwenye boksi haizuii meno kuoza. Kinachozuia ni floraidi, madini yanayoimarisha meno, na kiasi chake huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika kila milioni. Ukikuta asilimia tu, tazama aina ya floraidi: sodiamu floraidi 0.22% ni sawa na ppm 1,000, na 0.32% ni kama 1,450. Kwa sodiamu monofluorofosfeti, 0.76% ndiyo ppm 1,000.

Ya kwanza kununua ni dawa ya kawaida ya familia, ppm 1,000 hadi 1,500. Inatosha nyumba nzima, mradi mzazi ndiye anayeipaka kwenye mswaki. Tangu jino la kwanza hadi miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ule mstari mrefu wa kwenye matangazo usiufuate: mtoto mdogo humeza, na floraidi ikizidi kila siku huacha madoa kwenye meno ya ukubwani ambayo bado yanajijenga ndani ya taya.

Ya pili ni ya watoto yenye ppm 1,000. Inafaa kwa anayelia kwamba dawa inamwasha. Kwa kuwa ni tamu, iweke asipofikia.

Ya tatu, kwa mbali, ni ya ppm 500. Kinga yake ni hafifu. Isiyo na floraidi kabisa, pamoja na za mkaa, iache dukani.

Angalia viambato pia. Sodiamu floraidi ikichanganywa na kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, floraidi hunaswa na kalsiamu na haifanyi kazi ipasavyo. Penye chokaa, chagua yenye monofluorofosfeti, tena isiyokaribia kuisha muda, maana nayo hupungua nguvu ikikaa.

Kwa wanaotumia visima vya Arusha, Meru, Nakuru au Naivasha, ambako maji mengi yana floraidi kupita kiasi: dawa endeleeni nayo kwa kipimo hichohicho, lakini vidonge na matone ya floraidi msinunue. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi; maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza. Hapo fedha iende kwenye maji ya kunywa na kupikia yenye chini ya miligramu 1.5 kwa lita.

Mswaki uwe laini, wenye kichwa kidogo. Piga mara mbili kwa siku, ya usiku isikosekane. Mtoto ateme povu, asisukutue kwa maji.