Usinunue Jina la Ndege: Viti vya Ndege Kubwa Nilivyovipanga kwa Thamani ya Pesa Yako

Wateja wanaokuja kwangu kukata tiketi huuliza swali moja: "Ni ndege kubwa?" Nikisema ndiyo, wanatulia na kutoa hela, kana kwamba ndege ikiwa pana na kiti chako kitakuwa kipana. Chukua Boeing 787-8, ile tunayoiita Dreamliner. Japan Airlines ikienda nayo ng'ambo inaweka viti 186. Ndege ya aina hiyo hiyo ikizunguka ndani ya Japani inabeba viti 291. ANA, shirika jingine kubwa la Japani, kwa safari za ndani wamefikisha 335. Kenya Airways wana 234, Air Tanzania 262. Kati ya Dreamliner na Dreamliner kuna tofauti ya watu karibu 150, na watu hao lazima wakae mahali: watakaa kwenye nafasi ya magoti yako.

Sababu si uchoyo mtupu. Kutoka Tokyo kwenda Sapporo ni kama saa moja na nusu hewani. Abiria halali, hali chakula cha moto, na haja anaweza kuivumilia mpaka atue. Kwa hiyo shirika linapunguza majiko na vyoo, linaondoa vitanda vya kupumzikia wahudumu, halafu linafuta vile viti vya mbele vinavyolala, ambavyo kimoja kinaweza kumeza nafasi ya viti vitatu vya kawaida. Uwanja wa Haneda, ule wa Tokyo, nao hauna nafasi ya kuongeza ndege kila dakika, kwa hiyo dawa yao ni kujaza watu wengi kwenye ndege moja. Wajapani hawakuanza jana: mwaka 1973 Boeing iliwapelekea 747 iliyotengenezwa mahsusi kwa safari fupi zenye watu wengi. Leo kinachowazuia ni milango ya dharura, maana idadi ya abiria inategemea hiyo. 787-10, Dreamliner ndefu kuliko zote, inaruhusiwa abiria 440 wasizidi. ANA wameweka viti 429 kwenye zile za safari za ndani, na 294 tu kwenye zile za ng'ambo.

Msongamano huo usikutie hofu. Ili ndege ipewe kibali, lazima ionyeshwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa nusu ya milango. Januari 2024, Airbus A350 ya Japan Airlines iliyotoka Sapporo iligongana na ndege ya walinzi wa pwani pale Haneda ikawaka moto. Ilikuwa ya mpangilio wa safari za ndani, na imejaa. Watu wake wote 379 walitoka hai. Tatizo la viti vingi ni raha, na raha ndiyo unayoinunua, basi nianze kupanga.

Namba moja bila ubishi: ndege ya ng'ambo inayopita safari ya ndani. Hapo unalipa nauli ya ndani na kukalia kiti kilichotengenezwa kwa saa kumi. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilipofika Julai 2018, ilianzia Mwanza na Kilimanjaro kabla ya kwenda mbali. Abiria wa Mwanza wakakaa kwenye kiti chenye skrini kwa safari ambayo hata sinema moja haiishi. Kenya Airways nao wamewahi kuipeleka yao Mombasa msimu wa sikukuu. Kwa ndugu zetu walio Marekani nafasi hii ni kubwa zaidi: United hurusha 787-10 kati ya Newark na pwani ya magharibi, na viti vyake vya mbele ni vile vile vinavyolala kitanda kizima kwenda Ulaya. Kama una pointi za shirika za kubadilisha kwa tiketi, zitumie hapo, usizipoteze kwenye ndege nyembamba ya njia moja ambayo daraja lake la kwanza ni kiti kipana tu.

Namba mbili ni kitu cha Wajapani wenyewe, na natamani mashirika yetu yangekiiga. Japan Airlines wana daraja la katikati kwenye safari za ndani, linaitwa Class J, tangu 2004. Kwa miaka mingi nyongeza yake ilikuwa yen 1,000 tu juu ya nauli ya kawaida. Unapata kama sentimita 97 kati ya kiti na kiti badala ya 79, na mto wa kuwekea miguu. A350 yao yenye viti 369 ina viti 94 vya Class J, kwa hiyo si bahati nasibu. Daraja la kwanza la ndege hiyo hiyo, viti 12 tu, mimi nisingelilipia. Kiti ni kizuri, lakini si kitanda, na kabla hujamaliza chai mnateremka.

Namba tatu: mpangilio wa 2-4-2, yaani kila safu viti viwili, njia, vinne, njia, viwili. Hapa kwetu utaupata kwenye Airbus A330, ya Uganda Airlines au ya RwandAir. Mke na mume wanakaa wawili dirishani, hakuna mgeni wa kumrukia usiku. Uganda Airlines wameweka viti 258 kwenye A330-800 yao, 28 kati yake vya daraja la kati. Na kuna jambo wengi hawalijui: zile 787 za Japan Airlines za ng'ambo nazo zina 2-4-2 kwenye daraja la kawaida, wakati karibu dunia nzima imebana 3-3-3. Ukikuta nauli zinalingana, wala usifikiri mara mbili.

787 na A350 za 3-3-3 naziweka namba nne. Kwenye 787 kiti kina kama inchi 17, A350 inazidi kidogo. Hewa ndani ni afadhali kuliko ndege za zamani, macho na koo havikauki sana. Zinatosha.

Mkiani naiweka Boeing 777 ya 3-4-3. Ndege hii ilipoanza, mashirika mengi yaliweka viti tisa kwa safu. Wakaja kuongeza cha kumi ndani ya bodi ile ile. United wana za viti 276 kwa safari za ng'ambo na nyingine za viti 364 walizozipanga kwa ajili ya safari za ndani na Hawaii. Emirates wanaotuchukua Dar na Nairobi wana 3-4-3 pia, ila skrini na chakula vinapunguza machungu. Mwenye mabega mapana achague kiti cha pembeni ya njia, asidanganywe na dirisha.

Kabla hujalipa, fungua ramani ya viti. Tazama mbele kabisa: ukiona viti vimepangwa 1-2-1 kwenye safari ya ndani, hiyo ni ndege ya ng'ambo, nunua. Ukiona safu mbili tatu za viti vipana halafu daraja la kawaida linaanza papo hapo na kwenda mpaka safu ya hamsini na kitu, hiyo imepangwa kwa safari fupi. Kisha irudie ramani hiyo siku moja kabla ya safari. Ndege hubadilishwa, na mteja wangu mmoja aliyechagua dirisha alijikuta katikati ya wajomba wawili wenye mabega, kwa sababu 787 iliondolewa ikaletwa nyingine yenye herufi tofauti za viti, na simu ya kumjulisha haikupigwa.